Siku 21 za Burigi

Mwenye leseni ya siku 21 katika Pori la Akiba Burigi hakuwa na siku 21 za kuwinda. Huku Kagera magharibi jua huchomoza karibu saa 1 asubuhi na kuzama karibu saa 1 jioni. Kuwinda usiku ni marufuku. Kuanzia saa 4 joto linapopanda, nyamera na pofu hujibanza kivulini, na anayewafuata huko hushtua kundi zima bila kupata nafasi ya kulenga. Zinabaki saa tatu za asubuhi na mbili za jioni. Ondoa siku ya kwanza, ya kupima shabaha na kukagua karatasi na askari wanyamapori. Ondoa na siku mbili za mwisho, kwa sababu nitakayoifikia. Kilichobaki ni saa 90 hivi, mvua isiponyesha.

Hiyo 21 ilitoka wapi? Si porini. Mnyama hajui kalenda, na msoma nyayo mzuri anaweza kukufikisha kwa dume la nyati siku ya tatu. Sheria ndiyo iliyofungamanisha simba, chui na tembo na leseni ndefu, na nyati na leseni fupi. Kampuni ya uwindaji hulipwa na mgeni aliyekuja kuwinda kwa kila siku anayokaa kambini. Serikali nayo hutoza ada ya uhifadhi kwa siku, kisha ada ya mnyama aliyeuawa au kujeruhiwa. Kwa hiyo kila simba mmoja aliyeangushwa alibeba siku nyingi za malipo. Ni hesabu ya fedha, na kwa maoni yangu ni hesabu nzuri: mapato yaongezeke bila mizoga kuongezeka. Kosa ni kuichukulia kama kipimo cha muda ambao uwindaji wenyewe unahitaji.

Kipimo hicho hutegemea ardhi na mvua. Kati ya Biharamulo na Ngara vilima vimepangana kwa mistari mirefu, na kila bonde kati yake lina mbuga ya maji au kinamasi. Gari hufika ukingoni na kuishia hapo. Msimu ulifunguliwa Julai 1, na kwa karatasi uliendelea kwa miezi mingi. Lakini huku vuli huwahi kuliko kusini mwa nchi. Kuanzia Septemba au Oktoba nyasi mbichi huota, maji hutapakaa kila mahali, na wanyama waliokuwa wakikusanyika kwenye Ziwa Burigi hutawanyika. Siku 21 za Julai na siku 21 za Novemba hazilingani hata kidogo, ingawa bei ya leseni ilikuwa ileile.

Sasa zile siku mbili za mwisho. Mwindaji bingwa mwenye akili huhesabu kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Mnyama akijeruhiwa, sheria inataka afuatwe, naye huhesabiwa kwenye leseni hata asipopatikana. Anayefyatua jioni ya siku ya mwisho amejinyima muda wa kufuata damu, na mnyama huyo atakwenda kuozea kinamasini. Halafu kuna nyama. Dume la pofu hufika kilo 700 na zaidi. Tuseme limetoa kilo 300 za nyama, na kila mchukuzi anabeba 25: ni mizigo 12, ya kupandishwa kilima na kushushwa bondeni hadi lilipo gari, kabla joto halijaiharibu. Nzohe, swala wa matete, si mzito, lakini ni msumbufu zaidi. Hungojewa juu ya ulingo alfajiri na jioni, na akianguka ndani ya mafunjo unaweza kumtafuta nusu siku ukiwa na maji kiunoni.

Wawindaji wa Colorado, Marekani, wanaofuata elki kwa miguu kwenye milima ya umma wanaijua hesabu hii vizuri. Msimu wao wa kwanza wa bunduki ni siku 5 tu, na swali la kwanza kwao ni siku ngapi za kubeba nyama mgongoni. Lakini wao wana baridi ya Oktoba inayowalindia nyama. Biharamulo haina fadhila hiyo.

Kwa hesabu hiyo ya siku, wapo waliokuwa wakidai ziongezwe, na hapa ndipo ninapotofautiana nao. Aprili 1994 wakimbizi kutoka Rwanda zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo ndani ya muda mfupi sana, na Benaco, wilayani Ngara, ikageuka kuwa mji. Watu walihitaji kuni na kitoweo, na ujangili ukapanda katika mapori ya Burigi na Kimisi. Katika pori lililopungukiwa wanyama namna hiyo, siku zinazohitajika kumpata dume mzee wa swala aitwaye korongo lazima zirefuke. Mwenye biashara husema: ongeza siku, mgeni asirudi mikono mitupu. Mimi nasema muda huo ndio sensa ya bei rahisi kuliko zote. Kama saa 90 za watu wanaojua kusoma nyayo hazikuonyesha dume hata mmoja aliyekomaa, punguza mgao wa mwaka unaofuata. Ukirefusha leseni unampa mwindaji muda wa kumfikia dume wa mwisho aliyejificha, au, siku zikiyoyoma, kumpiga kijana kwa kuwa ndiye aliyepo.

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707, chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA). Uwindaji umekoma humo. Lakini leseni za zamani zilijazwa mnyama gani ameuawa na lini. Ukichukua tarehe ya kuanza safari na tarehe ya kila mnyama, unapata siku zilizotumika kwa kila korongo, kila nzohe, mwaka hadi mwaka. Askari wa hifadhi wanaotembea vilima hivyohivyo leo wanaweza kuandika saa walizotembea na korongo waliowaona, kisha kuweka safu hizo mbili kando kwa kando. Mizani haitakuwa sawasawa, maana mwindaji alichagua dume na askari anahesabu wote. Hata hivyo, kazi hiyo inahitaji karani mmoja, meza, na ruhusa ya kufungua makabati.