Mia na Tisa Imeuzwa, Fundi Hayumo Kwenye Mkataba

Mkataba wa mauziano wa gari hutaja namba ya chesisi, namba ya injini, rangi, bei na majina ya mashahidi. Wakili aliponisomea wa kwangu sikuona kosa, nikasaini. Land Rover mia na tisa iliyokuwa nyumbani kwetu Chunya tangu enzi za baba ikawa mali ya kijana kutoka Arusha. Fundi hakutajwa popote, na kwa gari la umri ule, fundi ni nusu ya gari.

Land Rover zilianza kutoka Uingereza mwaka 1948. Vita vilikuwa vimeisha, chuma ni adimu, ndiyo maana bodi zikatengenezwa kwa aluminiamu. Bodi hiyo hailiwi na kutu. Kinacholiwa ni chesisi. Chunya ilitusaidia hapo: nchi ya miombo, kavu, jua kali. Ingekuwa Tukuyu kwenye mvua zile, tungekuwa tumeshaisahau. Yetu ni toleo la tatu, lililoundwa kuanzia 1971 hadi 1985, injini ya petroli ya lita 2.25, silinda nne. Mia na tisa ni inchi, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma.

Hayo ni ya kiwandani. Mengine yote yalifanyikia Chunya.

Kabla ya lami, ukitoka Mbeya ulipanda milima hadi Kawetere kwenye ukungu na baridi, juu ya mita 2,000, kisha ukateremkia joto la huku kwetu. Kule juu hewa ni nyepesi; injini inapata petroli nyingi mno kwa hewa iliyopo, inakohoa, inatoa moshi mweusi. Fundi wetu aliitega kabureta kwa kusikiliza, skrubu robo kwa robo, ili gari lisizimie mlimani wala lisichemke likishuka. Hakuwa na mashine ya kumwambia kitu. Alinyamaza, na akataka nasi tunyamaze.

Kazi niliyopenda kuitazama zaidi ilikuwa ya pointi. Anafungua kifuniko cha distribyuta, anasugua pointi kwa msasa laini, anazungusha injini taratibu kwa hendeli mpaka pointi zifunguke kabisa. Kisha anachana kipande cha kasha la kiberiti, anakipitisha katikati, anakaza skrubu. Nafasi inayotakiwa ni kama milimita 0.4. Siku moja nilileta kipimo cha kiwandani, cha vile vibati vyembamba, nikakipitisha baada yake. Kiliingia bila kubana wala kulegea. Hakusema neno, alikuwa ameshahamia kwenye plagi.

Halafu springi. Gari la Chunya hubeba mawe ya dhahabu, mahindi, tumbaku, na watu juu yake, kwa hiyo majani ya springi hukatika. Alichukua jani la lori lililokufa, akalikata kwa urefu, akalipasha moto wa mkaa katikati mpaka likawa jekundu, akatoboa tundu la sentabolti. Baada ya hapo alilifukia kwenye majivu lipoe polepole. Ukilimwagia maji, aliniambia, linakuwa gumu, na shimo la kwanza tu linapasuka kama kioo. Ujuzi wa moto na chuma haukuletwa huku na magari: Wanyiha wa Mbozi na Wafipa wa Ufipa waliyeyusha chuma katika matanuri ya udongo zamani kabla ya Mwingereza.

Najua mafundi wa chini ya mti wana sifa mbaya, na wengine wameitafuta wenyewe. Wapo wanaoamini kila ugonjwa hupona kwa nyundo. Lakini kumpima fundi kwa sakafu ya gereji yake ni uvivu. Land Rover ile iliundwa ifunguke kwa spana chache, na mtu wa Chunya akaitikia kwa kuijua kuliko walioiunda. Gari ninaloendesha sasa likiwasha taa ya njano, kijana analichomekea kompyuta na kunitajia kifaa cha kununua. Ni kazi halali. Siwezi kuisifia kwa namna ileile.

Niliuza kwa sababu za kawaida: petroli inanywewa kama haina bei, lami imefika, magoti yangu hayaipendi tena klachi ile. Siku ya kukabidhi nilimwita fundi amfundishe mwenye gari mpya.

"Hii nyekundu ukiivuta nyuma, umeingia gia nzito," akamwambia. "Ya njano ukiibonyeza, matairi ya mbele yanavuta. Kwenye lami usiiguse."

Kijana akasema anataka kuipeleka kwenye gwaride la Land Rover, kama lile la Arusha la Oktoba 2024.

"Na ikizimika huko, nani ataishika?" fundi akauliza. Kijana hakuwa na jibu. Fundi akanigeukia: "Mwalimu, umeuza gari bila kumtafutia fundi?"

Basi wewe unayekuja Chunya kutafuta mia na tisa, usianze na kadi wala rangi. Ulizia nani alikuwa anaitengeneza, kaa naye hata siku mbili, mlipe muda wake, na uchukue namba yake ya simu kabla ya kupokea funguo.