Wazee wa Cuba hawakuwa washamba New York

Majuzi nikisahihisha insha za wanafunzi wangu kuhusu filamu nilikumbana na sentensi iliyonikwaza. Kijana mmoja ameandika kwamba katika Buena Vista Social Club, wazee wa Cuba "wanaonekana washamba tu wakishangaashangaa mjini." Nikamkata alama mbili papo hapo. Jioni nikaitazama upya filamu yenyewe, na ikanibidi nikiri kwamba kijana aliona sawasawa kile alichoonyeshwa.

Filamu hiyo ya Mjerumani Wim Wenders ilitoka mwaka wa 1999. Inawafuata wanamuziki wakongwe waliorekodi albamu jijini Havana mwaka wa 1996 wakiwa na Mmarekani Ry Cooder, kisha wakaenda kutumbuiza Amsterdam, na hatimaye katika ukumbi wa Carnegie, New York, tarehe 1 Julai 1998. Huko New York wanapata wasaa wa kuutembea mji, na kamera inawaandama. Ibrahim Ferrer, wakati huo mwenye umri wa miaka 71, anapita barabarani ameinua uso kuyatazama majumba. Wenzake wawili wanasimama mbele ya dirisha la duka lililopangwa vinyago vya watu mashuhuri, wanabahatisha nani ni nani. Wengine hawawajui. Watazamaji hucheka hapo. Hata mimi nilicheka mara ya kwanza.

Kiswahili kina mizani yake ya mambo haya. Kutembea mji ni jambo la heshima, ndiyo maana mgeni husemwa kuwa ametutembelea. Kitenzi kikiradidiwa, heshima hupungua: anayetembeatembea hana aendako, na anayeshangaashangaa si sawa na anayestaajabu. Kustaajabu ni kwa mtu mwenye akili zake aliyekutana na jambo kubwa. Kushangaashangaa ni kwa yule ambaye makanga wote pale stejini wameshamtambua kwamba katoka ushago jana. Na mshamba, kwa matumizi yetu ya leo, si lazima awe na shamba. Ni mtu tunayedhani hajawahi kwenda popote.

Hajawahi kwenda popote? Compay Segundo alikuwa Mexico na kundi la Hatuey katika miaka ya 1930, na mwaka wa 1989 alipiga muziki Washington, mji mkuu wa Marekani hiyo hiyo. Omara Portuondo aliimba Marekani akiwa na Cuarteto d'Aida, kundi la wanawake wanne, miongo kadhaa kabla ya Wenders kumwelekezea kamera. Ferrer mwenyewe alizuru Ulaya na bendi yake mwaka wa 1962. Mpiga piano Rubén González alikuwa katika bendi ya Arsenio Rodríguez miaka ya 1940, na Arsenio huyo baadaye akahamia New York na muziki wake. Kwa hiyo, mji ule ulikuwa umeshausikia muziki wa wazee hawa zamani sana. (Sisi pia tulikuwa tumeshausikia. Waulizeni waliocheza santuri za GV kabla ya uhuru.) Lakini matembezi ya New York yamehaririwa kana kwamba hayo yote hayakuwako.

Kilichoifanya New York iwe mbali si ujinga wa wazee. Kutoka Havana hadi ncha ya kusini ya Florida hazifiki kilomita 200, ila tangu 1962 kati ya nchi hizo mbili kulikuwa na vikwazo vya kibiashara vya Marekani, na siasa iliyovizaa iligeuza safari fupi ya mwanamuziki kuwa shughuli ya viza na mihuri. Mtazamaji asiyeambiwa hayo atatafuta sababu nyingine ya mshangao wa mzee, na sababu iliyo karibu zaidi ni ushamba.

Sasa linganisha na Cooder. Mapema katika filamu anaonekana akizunguka Havana kwa pikipiki yenye kigari cha pembeni, yeye na mwanawe Joachim. Yeye pia ni mgeni katika mji wa watu. Yeye pia anatazama. Lakini kamera haimsimamishi mbele ya dirisha la duka na kumsubiri akosee jina la shujaa fulani wa Cuba. Havana kwake ni mahali pa kugundua vipaji, na anayegundua hachekwi. Tendo ni lile lile, mgeni kuutembea mji asioujua, ila mmoja kapewa usukani na mwingine kapewa kioo cha duka.

Sisemi furaha ya Ferrer ni ya kuigiza, hasha. Huyu ni mtu ambaye miaka michache tu kabla ya hapo alikuwa akijikimu kwa kung'arisha viatu vya watu. Ana haki ya kustaajabu, tena kwa sauti. Na kwa kweli uso wake katika barabara zile ni miongoni mwa mambo mazuri zaidi katika filamu nzima. Nimeurudia mara tatu. Kinachoniudhi ni mhariri kuuchukua mstaajabu wa mzee aliyeona mengi na kutuuzia kama mshangao wa mtu asiyeona kitu.

Alama mbili za kijana nimezirudisha. Nimemwomba aiandike upya aya ile, na safari hii aanzie kwenye pikipiki.