Tumbaku inavyoifungia sumu ndani ya jani

Katika mazao yanayolimwa Usoke na wilaya ya Urambo kwa jumla, hakuna linalonivutia kwa namna linavyoishi na sumu kama tumbaku. Kadimiamu, metali nzito isiyo na faida yoyote mwilini, imo kidogo kidogo katika kila udongo, na mbolea za fosfeti huweza kuiongeza. Inafanana na zinki, kwa hiyo hupenya kwenye mizizi kupitia njia za zinki. Mimea mingi huizuia hukohuko mizizini. Tumbaku huipandisha kwa wingi hadi majani.

Ndani ya seli, kadimiamu hunata kwenye salfa ya protini na kuziharibu. Seli huitega kwa salfa hiyohiyo. Kimeng'enya maalumu huunganisha molekuli ndogo za glutathioni, zenye salfa, kuwa mnyororo uitwao fitokelatini. Kimeng'enya hicho huwa tayari kimo ndani ya seli na metali yenyewe ndiyo hukiamsha, hivyo kazi huanza mara moja. Mnyororo huikamata kadimiamu, kisha hufungiwa kwenye vakuoli, mfuko wa maji unaojaza sehemu kubwa ya seli. Watafiti wa Munich, Ujerumani, waliieleza minyororo hii mwaka 1985.

Njia nyingine ni ya ajabu zaidi. Mchumaji wa tumbaku anaijua ile gundi inayoganda viganjani mpaka ikawa nyeusi. Inatoka kwenye vinyweleo vya jani, na vinyweleo hivyo huweza pia kuitoa kadimiamu nje, ikiwa imeganda pamoja na kalisi katika vijiwe visivyoonekana kwa macho.

Tatizo ni kwamba metali haiozi wala haivunjikivunjiki. Moto wa bani, banda la kukaushia tumbaku, hukausha jani, kadimiamu ikabaki. Sigara ikiwashwa, huingia mapafuni pamoja na moshi na hatimaye kutua kwenye figo. Huko kuna metalothioneini, protini iliyogunduliwa kwenye figo za farasi mwaka 1957; ina asidi amino sitini na kitu, na 20 kati ya hizo hubeba salfa ya kukamatia metali. Nayo hufunga tu, haiondoi. Kadimiamu huchukua miaka 10 hadi 30 kupungua nusu, na figo za mvutaji huwa nayo takribani mara mbili ya asiyevuta.

Mkulima ana la kufanya: udongo wenye asidi huiachia kadimiamu kirahisi. Ukipeleka udongo wa shamba kupimwa, ulizia asidi yake pia, na uweke chokaa ukishauriwa, hasa mahali unapolima tumbaku na mahindi ya nyumbani kwa zamu.