Mvaaji wa Pili

Ubishi kuhusu koti la mvua ni mkongwe kuliko wengi wetu tunaousoma. Upande mmoja wamekaa wapenzi wa koti la pamba lililotiwa nta, lile zito la kijani au kahawia ambalo Waingereza huvaa mashambani na kurithishana. Upande wa pili wako wanaoamini vitambaa vya kisasa: nailoni au poliesta yenye utando mwembamba ndani, unaozuia maji ya mvua na kuruhusu mvuke wa jasho utoke. Kila upande una mashabiki, majarida na matangazo yake. Nimeufuatilia ubishi huu nikiwa Moshi, mji unaowavalisha watu wanaokwenda kwenye mvua na barafu, na nimeona kwamba mahasimu hawa wanakubaliana jambo moja bila kulitamka. Wote wanadhani mvaaji ni yule aliyelinunua koti dukani likiwa jipya.

Moshi hatuvai hivyo. Makoti mengi ya mlimani yaliyoko hapa yana mvaaji wa pili, wa tatu, pengine wa tano. Mengine hufika ndani ya marobota ya mitumba na kuishia kuning'inia soko la Memorial, katikati ya suruali za jinzi na mapazia. Mengine huachwa na wageni mwisho wa safari, yakiwa sehemu ya shukrani kwa mpagazi aliyewabebea mizigo. Mengine yako kwenye maduka ya kukodisha vifaa, yakipanda mlima mara kwa mara juu ya miili tofauti. Uhakiki wa koti unaoishia kwa mnunuzi wa kwanza ni sawa na uhakiki wa riwaya unaoishia sura ya kwanza. Naomba tusome sura zilizobaki.

Tuanze na mlima wenyewe, maana ndio mwamuzi. Anayeingia kwa lango la Machame huanza safari kwenye mita kama 1,800, ndani ya msitu. Miteremko ya kusini ndiyo inayopata mvua nyingi zaidi, na zipo sehemu za msitu huo zinazopokea zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ukiuacha msitu unaingia kwenye vichaka, kisha kwenye jangwa la mawe. Kadiri unavyopanda mvua inapungua na baridi inakaza, hadi kilele cha Uhuru kwenye mita 5,895. Koti moja linatakiwa kufanya kazi mbili zinazogombana. Huku chini lizuie mvua na papo hapo litoe jasho la mtu anayepanda na mzigo. Kule juu lizuie upepo, tena kwa mtu ambaye fulana yake huenda bado ina unyevu wa jana.

Kwa mtihani huo, koti la nta linafeli mapema. Asili yake ni baharini. Mabaharia walipaka matanga mafuta ya mbegu za kitani ili yasinyonye maji, na kitambaa hicho hicho kikawa makoti yao. Mafuta yale yalikuwa na kasoro: yaligeuka manjano na kukakamaa kwenye baridi. Miaka ya 1930 nta ikachukua nafasi yake. Barbour, jina linalotajwa kuliko yote kwenye ubishi huu, lilianza mwaka 1894 South Shields, mji wa bandari, likiwauzia mabaharia na watu wa gatini. Kwa kusimama mvuani au kuzunguka shambani na mbwa, ni koti la heshima. Kwa kupanda na mzigo wa kilo 20 ni mateso. Lenyewe ni zito, jasho halina pa kutokea, na pamba ikishalowa haikauki upesi. Wapanda milima wana msemo kwamba pamba inaua. Ukiwa kambi ya Barafu usiku, zaidi ya mita 4,600 juu, hutauona msemo huo kuwa wa kutia chumvi.

Utando ulizaliwa kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1969 Bob Gore, huko Marekani, aliivuta kwa ghafla fimbo ya plastiki ya PTFE iliyopashwa moto. Ilirefuka pasipo kukatika, ikawa kitu chepesi kilichojaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Vitundu hivyo ni vidogo mno kwa tone la maji, lakini molekuli za mvuke hupita bila shida. Gore-Tex ikaingia sokoni mwaka 1976, na washindani wakafuata. Leo unaweza kupata koti la namna hiyo lenye uzito usiofika nusu kilo, unalikunja unalitia kwenye mfuko wa begi.

Wapenzi wa jadi hujibu kwa mfano wa Everest. George Mallory alipopotelea kule mwaka 1924 alikuwa amevaa hariri, pamba na sufu, na juu yake gabadini, kitambaa alichokibuni Thomas Burberry mwaka 1879. Mwaka 2006 mavazi hayo yalitengenezwa upya kwa kuigwa uzi kwa uzi, na Graham Hoyland akayavaa kwenye mlima ule ule. Aliyasifu kwa wepesi na joto. Ni jibu zuri, na linatuonya tusiwadharau waliotutangulia. Lakini angalia tena ni nani anayevaa: bwana mwenye fundi wake, mwenye tabaka kadhaa za nguo zilizochaguliwa kwa ajili ya mwili wake. Bado tuko kwa mvaaji wa kwanza. Na kwa mvaaji wa kwanza, kwenye mlima huu, mimi napiga kura yangu kwa utando bila kigugumizi.

Sasa koti lile lile lipite miaka minane Ulaya, liingie kwenye robota, livuke bahari ndani ya kontena, lishuke Moshi.

Kwa nje linang'aa. Rangi ni ile ya bluu au ya chungwa tunayoiona kwenye picha za wageni waliosimama chini ya kibao cha Uhuru. Jina la kampuni lipo kifuani. Wagumu, kama wapagazi wanavyojiita, wanalijua jina hilo na bei yake. Kilichokufa hakionekani. Uso wa nje wa makoti haya hupakwa dawa inayoyafanya maji yajikunje kuwa matone na kuteleza. Dawa hiyo huchakaa kwa kusuguliwa na mikanda ya begi, na sabuni ya unga huacha mabaki yanayovuta maji badala ya kuyafukuza. Ikiisha, kitambaa cha nje kinalowa chepechepe. Utando unaweza kuwa mzima, lakini mvuke hauna pa kwenda tena, unageuka maji upande wa ndani, na mvaaji analowa kwa jasho lake mwenyewe huku akiamini koti linavuja. Makoti yaliyopakwa poliyurethani yana kifo kibaya zaidi. Joto na unyevu huivunjavunja, ikaanza kunata, kisha ikabanduka vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Utepe uliofunika mishono nao huachia.

Hapa ndipo uhakiki wa majarida unapowaangusha watu wa Moshi. Wanalipima koti kwa mvua ya siku ya kwanza. Mpagazi anayetoa fedha yake Memorial ananunua siku ya elfu tatu, na koti halimwambii. Koti la nta, pamoja na kasoro zangu zote dhidi yake, lina uaminifu katika kuzeeka. Nta ikiisha kwenye kiwiko, unaona kiwiko kimepauka. Likitoboka, fundi cherehani yeyote wa barazani analitia kiraka. Ukitaka kulifufua unayeyusha nta kwenye chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, unaipaka kwa kitambaa, unaipasha joto ili izame, unalitundika. Malighafi zake hatuzitafuti mbali: pamba inalimwa Shinyanga na Simiyu, na nta ya nyuki inatoka Tabora, katika nchi inayohesabiwa pamoja na Ethiopia kati ya wazalishaji wakubwa wa nta barani Afrika. Utando ukibanduka, fundi wa barazani hana la kufanya, na hilo halitokani na uhaba wa ujuzi wake. Kitu hicho kilitengenezwa ili kikiharibika kinunuliwe kingine.

Ndiyo maana neno "jadi" kwenye ubishi huu linanikera kidogo. Jadi ya nani? Uchagani mvua ilikuwa na koti lake kabla ya South Shields. Ulikata jani la mgomba, ukajifunika kichwa na mabega, ukaenda zako. Uso wa jani hilo una nta yake ya asili, ndiyo sababu maji hayakai juu yake. Ukifika nyumbani unampa mbuzi. Baadaye likaja kabuti, lile koti refu zito ambalo wazee wa vihambani bado wanalivaa asubuhi za Julai na ukungu umekaa migombani. Kabuti halizuii mvua ya saa nzima. Ila limegeuzwa kola, limebadilishwa vifungo, limepunguzwa urefu kwa mjukuu, na bado ni koti. Waliolivaa walilipima kwa swali moja: akishavaa huyu, atavaa nani?

Swali hilo lina upande wa maji pia. Dawa za kufukuza maji kwa miaka mingi zilitengenezwa kwa kemikali za jamii ya PFAS, ambazo haziozi kwa urahisi. Mwaka 2015 Greenpeace walichukua sampuli za theluji na maji kwenye milima ya mbali katika mabara matatu, wakazikuta kemikali hizo mahali pasipo na kiwanda. Mwaka 2019 mojawapo, PFOA, iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kuondolewa duniani, na kampuni kadhaa za nguo za milimani zimeanza kuziacha. Hiyo ni habari njema kwa mnunuzi wa mwaka huu. Kwetu, makoti ya kizazi kilichopita ndiyo kwanza yanawasili. Maji ya mlima huu yanashuka kwenye mifongo, yanamwagilia migomba na kahawa, yanaelekea Nyumba ya Mungu hadi Mto Pangani. Jamii inayokunywa maji hayo ina haki ya kuuliza nguo zinafuliwa kwa nini, na zikichakaa zinatupwa wapi.

Je, tuwarudishe wapagazi kwenye pamba na nta? La. Mtu asiyewahi kubeba mzigo msituni asimpangie mwenzake umaskini kwa jina la uaminifu wa vitu. Baridi imeshawaua wapagazi kwenye mlima huu, na mtu aliyelowa hahitaji hoja nzuri, anahitaji koti linalofanya kazi. Ninachodai ni kwamba tubadilishe kipimo. Koti jipya lihukumiwe pia kwa mvaaji wa pili: linasema limechakaa, au linaficha? Mshono wake unafunguka na kufungwa? Dawa yake inaweza kurudishwa na mtu mwenye pasi ya kawaida?

Swali hilo la mwisho lina jibu lenye matumaini, na linafaa kujulikana Memorial kuliko kwenye majarida. Kabla ya kununua, mwagia maji kidogo begani. Yakijikunja na kuteleza, koti liko hai. Yakizama na kitambaa kikawa cheusi, dawa ya nje imekwisha. Ligeuze ndani nje: kama hakuna kunata, hakuna magamba, na utepe wa mishono umeshika, bado lina maisha. Lifue kwa sabuni ya maji isiyo kali, lisuuze sana, likaushe, kisha, kama lebo inaruhusu, lipige pasi ya joto dogo kupitia kitambaa. Mara nyingi joto huiamsha dawa iliyolala. Kama ndani kunabanduka, liache hapo lilipo hata kama jina la kifuani ni la kifahari.

Kuna methali isemayo nguo ya kuazima haisitiri maungo. Nimeikubali tangu utotoni, lakini Moshi imenifanya niidai maelezo. Tangu mwaka 2003 mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, una ofisi mjini hapa, na kati ya kazi zake ni kuwaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo, nyingi zikiwa zimetolewa na watu wa ng'ambo. Mpagazi anachukua, anapanda, anarudisha, mwenzake anachukua. Nguo hizo za kuazima zimesitiri maungo mengi. Methali iliwaza fahari, mtu anayejionyesha kwa asicho nacho. Mlimani hakuna wa kujionyesha kwake saa nane usiku.

Hata hivyo methali haijashindwa kabisa. Inauliza kwa nini mtu anayefanya kazi penye barafu aazime nguo ya kazi. Askari haazimi kofia ya chuma, wala mchimba madini hapaswi kuazima taa. Mlima huu ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1973, wageni hulipa fedha nyingi kuupanda, na bado koti la anayewabebea mizigo linategemea huruma ya mtu aliyesafisha kabati lake ng'ambo. Ubishi wa nta na utando ungekuwa mtamu zaidi kama ungeanzia hapo, kwa mwajiri kununua koti jipya, jepesi, linaloshoneka, na kumpa mpagazi liwe lake. Safari hii, mvaaji wa kwanza awe yeye.