Namna Paka Alivyoachishwa Kunyonya Shingo ya Mtu

Paka aliyekwisha kukua, mwenye meno yote na anayekamata panya, ana haja gani ya kunyonya shingo ya mtu? Katika nyumba moja ya Tanga ninayoifahamu vizuri, paka jike mwenye mabaka alikuwa akimfanyia hivyo shangazi wa nyumba kila usiku. Namna alivyoachishwa inafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu kilichofaulu sicho ambacho wengi wetu hukikimbilia.

Paka huyo aliokotwa sokoni meno ya mbele ndiyo kwanza yanachomoza, dalili ya umri wa wiki 3 au 4. Katika umri huo mtoto wa paka bado ni wa kunyonya. Mama huanza kuwaachisha wanawe wakifika kama wiki 4, na shughuli hiyo huendelea hadi wiki ya 8 na zaidi. Muda wote huo mtoto hukanda tumbo la mama kwa miguu ya mbele ili maziwa yateremke, huku akikoroma na kuota joto. Kukanda, kunyonya na kutulia huenda pamoja. Anayetengwa na mama kabla ya wakati anaweza kubaki na haja hiyo, akaitafutia mahali pengine: blanketi, kwapa, ncha ya sikio. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, walichapisha uchunguzi wa paka karibu 6,000, wakaonyesha kuwa walioachishwa kabla ya wiki 8 walielekea zaidi kuwa wakali, na walioachishwa wakiwa wamechelewa walikuwa na tabia chache za kurudiarudia kitu kimoja. Damu nayo ina sehemu yake: paka wa aina ya Siamese wanajulikana kwa kunyonya vitambaa vya sufu.

Nyumbani pale walianza na shubiri. Ni jambo la kutarajiwa, maana mama zetu wamewaachisha watoto ziwa kwa shubiri tangu zamani. Lakini paka si mtoto wa binadamu. Utomvu wa shubiri ni sumu kwake, humtapisha na kumharisha, na huyu baada ya kuonja uchungu alihamia upande wa pili wa shingo. Pilipili nayo humwasha macho na mdomo bila kumfundisha lolote. Kisha akaanza kupigwa kofi. Akawa anashinda uvunguni, na usiku ukiingia ananyonya kwa nguvu kuliko mwanzo. Sababu yake iko wazi: paka hunyonya ili atulie, na aliyetiwa hofu huhitaji utulivu zaidi. Kumpiga paka wa namna hii ni kumwongezea ugonjwa ule ule unaotaka kumtibu.

Daktari wa mifugo aliyeitwa alianza kwa kumkagua meno na ufizi, akampa dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa cha mbwa. Hatua hii isirukwe, hasa kwa paka mkubwa aliyeanza kunyonya ghafla, kwani huenda ana maumivu au ugonjwa uliojificha. Baada ya hapo alimweleza shangazi afanye anavyofanya paka mama. Mama akichoka kunyonyesha hulalia tumbo lake chuchu zisionekane, au huinuka na kwenda zake. Wakati huo huo huwaletea wanawe mawindo, wakaanza kujifunza kula nyama. Ziwa linapoondoka, kitu kingine kinaingia.

Ugumu ulikuwa katika kuwahi. Kabla ya kunyonya, paka yule alikuwa na dalili zake: macho yanalegea, mate yanamdondoka, kichwa kinasukumwa chini ya kidevu, miguu inaanza kukanda. Shangazi alipongoja hadi ngozi imeshikwa mdomoni, alikuwa amechelewa. Alipoinuka taratibu mara tu kukanda kulipoanza, bila neno wala hasira, paka alipoteza alichokuwa akikitafuta kabla hajakipata. Pale pale aliwekewa khanga kuukuu ambayo shangazi alikuwa ameivaa, ikiwa bado na harufu yake, imekunjwa mara kadhaa na kushonwa pindo zote. Kushona huko si urembo. Uzi mrefu ukimezwa unaweza kuyakunjakunja matumbo na kuyakata, na paka akafa.

Jioni, kabla watu hawajalala, alichezeshwa kwa unyoya uliofungwa kwenye kijiti mpaka achoke, kisha akapewa dagaa waliochemshwa bila chumvi. Paka aliyekimbiza na kushiba hujilamba na kulala. Kwa maoni yangu kipengele hiki kilisaidia kuliko vyote, kwa kuwa kilipunguza haja yenyewe.

Kilichokaribia kuharibu kazi ni huruma. Mjukuu alikuwa akimwachia paka anyonye kiganja chake kwa siri. Zawadi inayopatikana mara moja moja huifanya tabia iwe sugu kuliko inayopatikana kila siku, kwa sababu mnyama hujifunza kutokata tamaa. Ilibidi nyumba nzima ishike amri moja. Hata hivyo, mwanzoni paka alizidi kulilia shingo, na hapo ndipo watu wengi huvunjika moyo, wakati ni dalili kwamba njia imeanza kufanya kazi.

Kwa upande wa afya, mate ya paka yana bakteria wanaoweza kuozesha kidonda, kwa hiyo ngozi iliyochubuka ioshwe kwa sabuni na maji, na mtoto mchanga au mwenye kinga dhaifu asinyonywe kabisa. Ikiwa paka hakuchanjwa na mate yamegusa jeraha, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali bila kungoja.

Paka wa Tanga bado hunyonya khanga yake, na sioni haja ya kumnyang'anya. Nawasihi wanaogawa watoto wa paka: msiwatoe kwa mama yao kabla ya wiki 8, na mkiweza wafikishe wiki 12 au zaidi.