Vazi Moja, Majina Matatu: Tumbo, Pamba na Sindano

Mwaka 1181 Mfalme Henry II wa Uingereza aliamuru raia huru wa kipato cha chini wawe na mkuki, kofia ya chuma na vazi ambalo amri hiyo ya Kilatini inaliita wambais. Deraya ya pete za chuma ilikuwa ya wenye mali. Hawa wengine walikingwa na nguo: tabaka nyingi za kitani, au vitambaa viwili vilivyojazwa pamba, sufu au matambara, vikashonwa pamoja.

Wambais inahusishwa na neno la Kijerumani cha kale lenye maana ya tumbo, yaani mahali panapokingwa. Wafaransa walikuwa na jina jingine, auqueton, lililotoka katika Kiarabu, al-qutn, pamba. Jina hilo liliifuata bidhaa yenyewe, kwa kuwa pamba iliingia Ulaya kupitia nchi za Waislamu, Andalusia ikiwemo. La tatu ni pourpoint, kutoka Kilatini: kilichotobolewa hadi upande wa pili.

Kwangu, hili la tatu ndilo linaloeleza kazi. Pamba isiyoshonwa hujikusanya pembeni, kama sufi katika godoro lililochakaa, na katikati panabaki patupu. Mistari ya bandi inaigawa pamba katika mifereji myembamba, kila mmoja ukibaki na chake. Kwenye kitani kitupu, uzi unazuia tabaka zisiteleze. Upanga ukikata tabaka ya juu, zilizo chini zinashikana na kusambaza nguvu ya pigo. Fundi alipaswa kupima mkono wake: uzi ukikazwa mno vazi linakuwa gumu na pigo linapita hadi mfupani, ukilegea tabaka zinaachana.

Karne ya 15, agizo la Louis XI wa Ufaransa lilitaka koti la namna hii liwe na tabaka 30, au zisipungue 25, pamoja na ngozi ya ayala. Tena likasisitiza kwamba kitani bora ni kile kilichokwisha kuvaliwa, kikalainika. Hapo naona mkono wa fundi hasa, maana kitambaa kipya kina ukavu, na sindano ya mkono haipenyi kirahisi tabaka 30 za ukavu huo. Nguo kuukuu ilipenyeka, ikapinda na mwili, na bado ikazuia mshale.