Vibonye kumi
Ukiitazama tu, kodiani ya Wakajuni wa Louisiana haina makuu. Ni kisanduku cha mbao chenye vibonye kumi mkono wa kulia, na viwili vya besi mkono wa kushoto. Aliyezoea kodiani ya taarab, ile yenye meno kama ya piano, atadhani ni ya kuchezea watoto. Basi asubiri mpigaji akae kitini na kuivuta.

Kazi yote iko kwenye mivukuto. Kila kibonye kina noti mbili: ukisukuma inatoka hii, ukivuta inatoka nyingine. Kwa hiyo wimbo hauchezwi kwa vidole pekee. Mivukuto haina budi kwenda na kurudi, na ndiyo inayozaa ule mdundo wa kukatakata unaowaamsha watu vitini. Nyuma ya kila noti zimo ndimi nne za chuma: moja nzito, mbili za kati, moja nyembamba. Vibonye kumi, kusukuma na kuvuta, mara nne: ndimi 80 kwa mkono wa kulia tu. Si ajabu kisanduku hicho kilisikika ukumbi mzima hata kabla ya vipaza sauti.

Lakini ni maskini wa noti. Kodiani ya C ina noti za ngazi ya C, basi. Mpigaji akihamia G, noti ya saba anayoihitaji haimo. Ama ataizunguka, ama atapiga iliyo chini yake kwa nusu, na hapo wimbo wa furaha unaingia uchungu ambao hakuna aliyeupanga. Mimi husubiri hasa sehemu hizo.

Wengine wote humfuata mpiga kodiani. Mpiga fidla hulegeza nyuzi zake zote nne kwa sauti moja nzima, ili vidole vilivyozoea D vitoe C. Mwimbaji naye huimba pale kodiani ilipo, hata kama koo lake lingependa kushuka. Ndiyo maana waimbaji wengi wa Kikajuni husikika kama wanaoita mtu ng'ambo ya mto. Na pembeni yuko mpiga ’tit fer, yaani kichuma: pembetatu iliyokunjwa kutokana na jino la reki kuukuu ya kukusanyia nyasi. Anaigonga kwa mkono mmoja, na kwa vidole vya mkono wa pili anaibana na kuiachia, mlio ukafa, ukafufuka.

Mababu wa Wakajuni walifukuzwa na Waingereza kutoka Akadia, Nova Scotia ya leo, kuanzia mwaka 1755, wakaishia Louisiana. Fidla ni ya zamani kwao. Kodiani ilifika baadaye kutoka Ujerumani. Mwaka 1928 Joe Falcon na Cléoma Breaux walirekodi “Allons à Lafayette”, sahani ya kwanza ya muziki huu. Mwaka uliofuata Amédé Ardoin, Mkrioli mweusi, akarekodi na Dennis McGee, mpiga fidla mzungu. Wapigaji wa leo bado wanazipitia zile nyimbo za Ardoin kibonye kwa kibonye.

Miaka ya 1930 kodiani iliwekwa kando, bendi za nyuzi zikatawala, mpaka Iry LeJeune alipoirudisha mwaka 1948. Wakati huo Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekata mali ya Ujerumani, hivyo Sidney Brown wa Lake Charles akaanza kuunda kodiani mwenyewe. Marc Savoy naye akafungua duka lake karibu na Eunice mwaka 1966. Jumamosi asubuhi watu walijaa humo na ala zao, wazee kwa vijana, kupiga pamoja. Fidla zilikaribishwa hata zikiwa nyingi. Kichuma, kimoja tu kwa wakati.